Barafu Iliyomngoja Mgeni Rasmi

Siku tulipookota kura za maonesho ya skuli, walimu wenzangu walinicheka mpaka mmoja wao chai ikamtokea puani. Mada ilikuwa bahari, na kila mwalimu wa sayansi alitia mkono kikapuni atoe kikaratasi chake. Mmoja akapata mikoko, mmoja matumbawe, na yule anayeogopa maji kuliko paka akapata kasa. Mimi nikafungua changu nikakuta bahari ya barafu, huko ncha ya kusini ya dunia. "Mwalimu kaokota friji!" wakasema, na muhula mzima nikipita tu, friji. Nikawaacha. Watu wanaonakili ubaoni yale yale waliyonakili wao walipokuwa wanafunzi, na makosa yake ndani, nishindane nao nipate nini?

Skuli yenyewe iko Ng'ambo. Mimi nakaa Mji Mkongwe, mwendo wa miguu tu, na nafundisha Bayolojia tangu watoto hawa hawajazaliwa. Ukurasa wa bahari ya barafu uko mwishoni kabisa mwa kitabu, na hautoki kwenye mtihani, kwa hivyo hakuna anayeujali. Safari hii nikakaa nao, nikauona mtamu kuliko kurasa zote zilizoutangulia.

Bahari ya huko ikiganda, upande wa chini wa barafu, ule unaogusa maji, huota mwani mdogo mno. Si huu unaofungwa kwenye kamba kule Matemwe. Ule mmoja mmoja hauonekani kwa jicho, lakini ukishakuwa mwingi, barafu kwa chini hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Basi uduvi wachanga na vidudu vingine vya baharini huja vikajibandika pale, miguu juu, vikaukwangua na kula. Wakati wa baridi kali, majini hamna kitu kingine cha maana, wanaishi kwa huo. Uduvi wakishakua wanaliwa na samaki, na ndege, na sili, na nyangumi mwenyewe na ukubwa wake wote ule anaishi kwa uduvi. Nyangumi katiwa kwenye jalada la kitabu. Mwani wa barafu haukupewa hata picha ndogo ya pembeni, na hilo nalo lilinikera.

Nilipowasomesha Kidato cha Tatu niliwaambia hivi: siku hizi barafu inachelewa kuganda na inawahi kuyeyuka, na wale uduvi wachanga hawana akiba mwilini. Ni sawa na mpiga ngoma ya daku kupita mtaani na adhana ya alfajiri ishatoka. Umeamka, njaa unayo, na kula ndiyo basi tena. Darasa zima likacheka, kisha likarudi kwenye usingizi wake. Aliyebaki macho ni msichana mmoja tu, mrefu, mkimya, wa dawati la nyuma karibu na dirisha lisilo na kioo.

Alikuwa mtu wa Matemwe. Baba yake anaezeka makuti kwenye mahoteli ya huko, mama yake analima mwani, na yeye aliletwa mjini kwa mama yake mdogo ili asome. Sauti yake nilikuwa siijui vizuri. Baada ya kipindi akanifuata mpaka mlangoni.

"Mwalimu, tuitengeneze."

"Tutengeneze nini?"

"Barafu yenyewe. Yenye mwani kwa chini. Wengine wote watachora."

Na kweli walichora. Matumbawe ya karatasi ya manila, kasa wa manila, mikoko ya manila iliyochorwa na fundi wa kuandika vibao vya maduka, kisha wanafunzi wakaambiwa wasimame mbele yake wajifanye wamechora wao. Msichana yeye mwisho wa wiki alikwenda kwao, na maji yalipokupwa akakwangua kwa kijiko ule utelezi wa kahawia unaoshika kwenye mawe karibu na shamba la mama yake, akaniletea kwenye chupa pamoja na maji ya bahari. Nilimwambia huu si mwani wa barafu, ni jamaa zake tu. "Najua, Mwalimu," akasema. "Nitawaambia watu kuwa ni jamaa zake." Wangapi kati ya wakubwa wetu wangesema hivyo?

Jirani yangu anayeuza barafu za ubuyu alitupa pembe moja ya friza yake. Mara ya kwanza umeme ulikatika tukapata uji. Maji ya bahari yana ubishi, hayagandi kama ya bomba, na hata yakiganda hayakawii kulainika. Mara ya pili tukapata mabonge mawili, juu meupe, chini ya kahawia, mazuri wallahi. Hata jirani, aliyekuwa akilalamika kwamba friza yake itanuka pwani, aliwaita wanawe waje kuona.

Kilichobaki ni hadubini. Skuli inayo moja, imefungiwa kabatini ofisini kwa mwalimu mkuu, na plastiki yake haijatolewa. Nikaenda kumwomba.

"Ile ni ya wageni," akaniambia.

"Wageni gani hao wanaokuja skuli kutazama vidudu?"

"Ushaanza maneno yako."

Kefule! Hadubini imewekwa kama vikombe vya kabatini, watoto wa nyumba wanywee kopo. Nikatoka kabla sijasema la kunifukuzisha kazi.

Hapo ndipo baba mtu alipopata habari. Watu walimwona mwanawe akikwangua mawe kwa kijiko, wakamuuliza anafanya nini, naye kwa ukweli wake akajibu anatafuta mfano wa chakula cha uduvi wa barafuni. Baba akanipigia simu. Alinisalimia vizuri, akaniuliza hali, akaniuliza watu wa nyumbani, halafu akasema:

"Bi Mwalimu, mie nimemleta mwanangu mjini asome. Leo nnasikia anasoma barafu. Huku hotelini kuna kazi ya kufua mashuka, wanamtaka hata kesho. Hiyo siku yenu nitakuja mwenyewe nitazame. Nikiona ni mchezo, nnaondoka naye siku hiyo hiyo."

Nikamwambia karibu sana. Wasiwasi sikuwa nao hata chembe. Nilikuwa na mabonge mawili na mtoto anayejua anachokisema, nikasahau niko skuli gani. Mwenye hofu alikuwa msichana. "Baba hatanii, Mwalimu," aliniambia, macho chini. "Dada yangu alimtoa hivyo hivyo. Mie nataka kumaliza."

Siku ya maonesho baba alifika kabla ya walimu. Kanzu safi, kofia, na mkononi begi la bluu ambalo zipu yake imekufa, limefungwa kwa kamba. Mama mdogo alishaambiwa afunge nguo za mtoto, akazifunga. Baba alilisukuma begi chini ya kiti cha plastiki, akakaa safu ya wazazi, akangoja. Msichana aliliona begi lile tangu yuko getini. Alikuja kwenye meza yetu akasimama, wala hakulitazama tena.

Baba alingoja kwa sababu kulikuwa na mgeni rasmi. Sijui nani katuroga na mgeni rasmi! Sisi hata choo hatufungui bila ya mgeni rasmi. Kitu kikishakuwa tayari lazima kifunikwe kitambaa, kifungwe utepe, uwekwe mkasi kwenye sinia pamoja na maua ya plastiki, mtoto wa kusoma risala asimamishwe juani na karatasi yake imelowa jasho, halafu wote tukae tumsubiri mtu mmoja ambaye jambo lenyewe halijui wala hana haja nalo. Safari hii alikuwa mkubwa fulani, wa ofisi gani sitaji, na kwa hotuba aliyokuja kuitoa sidhani kama mwenyewe ana hakika. Aliambiwa saa tatu asubuhi. Saa tatu tulikuwa na turubai, na spika zinazopiga miluzi, na zulia jekundu lililoazimwa kwa watu wa harusi. Mgeni hatukuwa naye.

Mwalimu mkuu akapita na amri yake: meza zote zifunikwe, na mtu yeyote asifunue mpaka mgeni apite. "Haiwezekani watu waone kabla yake," alisema, na uso wake ulikuwa mkavu kabisa, hakuwa akifanya mzaha. Nikamfuata nyuma.

"Mwalimu mkuu, barafu yangu ya maji ya chumvi. Haingoji ile."

"Basi iambie ivumilie."

Akacheka mwenyewe, kisha akageuka kuona nani kacheka naye. Makamu wake akacheka, kazi yake ndiyo hiyo.

Jua likapanda. Wazazi wakajipepea kwa ratiba. Mtoto wa risala akakalishwa, akasimamishwa, akakalishwa tena. Kila baada ya muda mtu wa spika alitutangazia kwamba mgeni yuko njiani, na mimi nikajiuliza hiyo njia yake inatoka wapi, kwani kisiwa chenyewe si kirefu hivyo. Nikaenda kulitazama deli langu la kuwekea barafu nyuma ya meza. Nilikuwa nimeyafunika mabonge yangu kwa magunia na vumbi la mbao. Nikafunua nikakuta bonge moja.

Nilijua pa kwenda. Kamati ya chakula walikuwa chini ya mwarobaini, wanapanga glasi za meza kuu.

"Bonge langu liko wapi?"

"Lipi?" akauliza mwenzangu wa Jiografia. "Ile barafu ya ukwaju? Tumeivunja tumetia kwenye jagi la juisi ya wakubwa. Asante, maana tulikuwa hatuna."

"Yale ni maji ya bahari! Na utelezi wa mawe!"

Wakatazamana. Mmoja wao akasema taratibu, "Ndiyo maana nilipoonja niliona ina chumvi. Nikaongeza sukari."

Mtume! Nikafungua mdomo niwaambie wamwage. Nikatazama zulia jekundu, nikamtazama mtoto wa risala anavyoyumba, nikamtazama baba yule kwenye kiti chake na begi lake miguuni. Nikaufunga mdomo wangu, nikarudi mezani kwangu kulinda bonge lililobaki.

Ikaadhiniwa adhuhuri. Watu wakaenda kusali, wakarudi, wakakuta viti vyao vina joto la jua na mgeni bado yuko njiani. Hapo baba akanyanyuka. Alikuja mpaka kwangu, hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Bi Mwalimu, mie nnarudi. Nimeona turubai, nimeona vitambaa, nimeona mkasi. Kusoma sikukuona."

"Baba, ngoja kidogo tu. Kitu kiko hapa, nyuma ya hiki kitambaa."

"Kifunue basi."

Nikamtazama mwalimu mkuu, kasimama hatua chache, kidole juu, ananionya kwa kidole kama natoka chekechea. Nilisema, "Nakifunua." Lakini kabla mkono wangu haujafika, msichana alishapita. Hakufunua kitambaa. Alikwenda kwenye lile sinia la mkasi, akaubwaga mkasi na maua ya plastiki yote chini, akalichukua. Akafungua deli, akalitoa bonge kwa mikono mitupu, likidondosha maji juu ya meza, akaliweka kwenye sinia, akavuka zulia jekundu na viatu vyake vya vumbi mpaka kwenye kiti cha baba yake. Turubai zima likageuza shingo.

"Keti, baba."

Baba akaketi. Alishangaa tu, nafikiri, kwani sidhani kama aliwahi kuambiwa keti na mwanawe. Msichana akaliinua bonge juu ya uso wake.

"Usitazame juu. Tazama kwa chini, hapa. Hii rangi ndiyo chakula chenyewe. Huu nimeukwangua kwetu, ni jamaa zake tu, lakini wa kule unakaa hivi hivi. Kama ukoko, baba, ila sufuria limepinduliwa."

Maji yakamdondokea baba kwenye kanzu. Hakujifuta. Alikuwa kainua shingo, mdomo wazi kidogo, anatazama.

"Nani wanakula?"

"Uduvi. Wale wachanga. Wanajibandika hivi, miguu juu, wanakwangua. Wakati ule hawana chakula kingine. Samaki wa kule wanakula uduvi, na nyangumi anakula uduvi."

"Miguu juu," baba alisema. "Kama mie nikining'inia ndani ya paa."

"Ndiyo, baba. Kama weye."

Mikono ya msichana ilishakuwa myekundu kwa baridi na bonge likizidi kupungua. Kisha baba akauliza lile ambalo Kidato cha Tatu kizima hakikuniuliza.

"Na paa likitoka mapema? Kabla hawajakua?"

"Likitoka mapema, wale wadogo..."

"We mtoto!" Mwalimu mkuu alishafika, mkasi mkononi. Na wakati huo huo, kwa sababu balaa halipendi kuja peke yake, honi zikalia getini. Mgeni rasmi kafika.

Ilikuwa vurumai. Msichana alisukumwa pembeni na sinia lake, wazazi wakaambiwa wasimame, ngoma ikalia. Mkasi ulipoanguka ulipinda, ukakataa kukata, na mkubwa wetu akaukata utepe kwa kisu cha kachumbari kilicholetwa mbio kutoka chini ya mwarobaini. Akapita kwenye meza akipigwa picha, hakusimama penye matumbawe wala kasa zaidi ya mwanga wa kamera. Alipofika kwetu, kitambaa kikafunuliwa, na chini yake hakukuwa na kitu ila meza iliyolowa.

"Na hapa?"

Mwalimu mkuu akameza mate. "Hapa ni... ni maji, mheshimiwa."

"Vizuri sana. Tuyatunze maji."

Akapiga makofi. Wote wakapiga makofi. Wallahi, niliwaona watu wazima wenye shahada zao wanaipigia makofi meza tupu.

Kwenye meza kuu wakamiminiwa juisi. Mgeni akapiga funda moja, akasita, akaiona kamera, akatabasamu, akameza. Akasema ni tamu, ina ladha ya kienyeji. Kwa kuwa mgeni kasema tamu, mwalimu mkuu akanywa glasi nzima, na makamu wake akaomba aongezewe. Hivyo mwani mdogo wa mawe ya Matemwe uliliwa siku ile na viumbe vikubwa moja kwa moja, bila ya kupitia kwa uduvi. Nilifurahi, sitaficha. Ilikuwa furaha pekee niliyoipata tangu asubuhi.

Hotuba ilikuwa fupi kuliko tulivyomsubiri. Gari zake zilipotoka getini tu, mwalimu mkuu alivuka turubai mpaka kwa baba na msichana, mbele ya wazazi wote. Kumfukuza mtoto kwa mkono wake hawezi, jambo hilo lina vikao vyake na wenye kuuliza maswali, na yeye maswali hayapendi. Lakini alikuwa keshaliona begi chini ya kiti.

"Mtoto huyu kaiaibisha skuli mbele ya mgeni," alisema kwa sauti ya kusikika. "Bwana, mchukue mwanao. Naona na begi lake liko tayari."

Mtu alikuwa kaja kumchukua, na sasa anaambiwa amchukue. Kilichobaki ni mkono tu kushika kamba. Msichana hakulia. Alikuwa kaliinamia sinia, na ndani ya sinia mlikuwa na maji na kipande kidogo, kiasi cha sabuni inayokaribia kwisha.

Baba akanyanyuka. Kanzu ilikuwa imemshika kifuani kwa maji, na kwenye maji yale palikuwa na doa la kahawia. Akaliinamia begi, akalivuta kwa kamba, akalipangusa vumbi. Yarabi, nikasema moyoni, basi tena.

"Ni kweli," alimwambia mwalimu mkuu. "Nimekuja na begi hili nimchukue. Nimekaa chini ya turubai lako tangu asubuhi sijaonyeshwa kitu. Aliyenionyesha ni huyu."

"Ndiyo nasema umchukue."

"Simchukui."

"Bwana, mimi hapa ndiye..."

"Ng'o. Simchukui. Mie nimemleta asome, na leo nimemwona anasoma."

Akanipa mimi lile begi. "Bi Mwalimu, tafadhali, litarudi kwa mama yake mdogo." Lilikuwa jepesi, nguo chache tu. Mwalimu mkuu alisimama pale akitazama huku na huku amwone wa kucheka naye, na makamu wake alikuwa kaenda chooni.

Baba akakaa tena kwenye kiti chake cha plastiki, akakunja mikono ya kanzu, akamgeukia mwanawe.

"Haya. Mie nshauliza suali, sijajibiwa. Paa likitoka mapema, wale wadogo wanakuwaje?"

Msichana akafuta mkono kwenye sketi, akaokota kile kipande kilichobaki, akakiinua juu, akaanza tena.